Saa za Pwani, Saa za Mwili

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilikuwa zimetia nanga mbele ya Forodhani, Unguja, mizinga yake ikiielekea kasri ya Sultani. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, alikuwa amepewa muda wa mwisho wa kushusha bendera na kutoka. Kwa mabaharia, muda huo ulikuwa saa tisa ya saa zao za chuma. Kwa watu wa mjini ilikuwa saa 3 asubuhi, yaani saa tatu tangu kulipokucha. Dakika mbili baada ya muda kupita mizinga ikalia, na hazikutimia dakika 45 vita vikawa vimekwisha. Miongoni mwa vilivyopigwa ni mnara mrefu uliosimama mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, uliokuwa na taa ya kuongozea vyombo. Haukutengenezeka tena. Mwaka uliofuata Beit al-Ajaib yenyewe ikajengewa mnara wa saa kwenye uso wake unaotazama bahari.

Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, na baada ya asubuhi ile hakukuwa tena na shaka nani mwenye amri. Hata hivyo, kuna desturi moja ambayo mizinga haikuigusa, wala ratiba za meli, kengele za shule na barua za serikali zilizokuja baadaye hazikuing'oa. Watu wa pwani waliendelea kuanza hesabu ya saa pale jua linapotoka na pale linapozama, wakaieneza bara pamoja na lugha. Leo Mombasa, Dodoma na Kigoma saa 1 asubuhi huhesabiwa kuwa saa ya kwanza ya mchana, na saa 1 usiku kuwa saa ya kwanza ya usiku. Wageni wengi huiona hesabu hii kuwa usumbufu wa kujumlisha na kutoa sita, na hata wenyeji wapo wanaoiona ya kizamani. Wanakosea. Hesabu hii huanzia palepale mwili wa binadamu unapoanzia hesabu yake, na sayansi imechukua karibu miaka 300 kulithibitisha jambo hilo.

Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alilieleza jambo hili kwa wasomaji wake katika kitabu cha kujifunzia Kiswahili kilichotoka 1870: siku huanza jua linapozama, usiku hutangulia mchana wake, na jua la utosini ni saa sita. Ndiyo maana mpaka leo mtu husema usiku wa kuamkia Ijumaa. Mpango huo haukuwa wa pwani peke yake. Waturuki nao waliweka saa zao sawa kila jua lilipozama, mpaka serikali yao ilipoiacha desturi hiyo mwaka 1926. Tofauti ni kwamba Istanbul machweo ya kiangazi na ya majira ya baridi hupishana kwa karibu saa tatu, hivyo mwenye saa ya mfukoni hakuacha kuisogeza mwaka mzima. Unguja, digrii sita kusini mwa ikweta, mapishano hayo hayafiki saa moja. Saa ya chuma ilipofika pwani haikugombana na jua. Iliwekwa sawa, ikaachwa itembee.

Kwamba viumbe wana saa yao ya ndani ni jambo lililoanza kuonekana kwenye majani ya miti, na mmoja wa miti hiyo unajulikana kwa kila mtoto wa pwani. Karne ya nne kabla ya Kristo, Androsthenes, nahodha aliyemtumikia Alexander wa Makedonia, alifika kisiwa cha Bahrain katika Ghuba. Huko aliona mti ambao majani yake hufunguka mchana na kujikunja usiku, na wenyeji walimwambia kwamba unalala. Wataalamu wa mimea wanaamini ulikuwa mkwaju. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan akachukua mmea wa namna hiyo, unaodhaniwa kuwa kifauwongo, akauweka mahali pa giza ambapo jua halikufika. Majani yaliendelea kufunguka asubuhi na kufumba jioni. Mmea ulikuwa unahesabu wenyewe, bila kuliona jua.

Kwa binadamu, majaribio yalifanyika mapangoni. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman na mwenzake mmoja walikaa siku 32 ndani ya Mammoth Cave huko Kentucky, Marekani, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28. Mwenzake alizoea. Kleitman mwili wake ulikataa. Mwaka 1962 Michel Siffre, Mfaransa, aliingia katika pango la milima ya Alps bila saa wala kalenda, akakaa humo karibu miezi miwili. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 20 Agosti. Akili yake ilikuwa imepoteza siku 25, lakini mwili haukupotea kiasi hicho: uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko wa zaidi kidogo ya saa 24.

Hiyo "zaidi kidogo" ndiyo kiini cha habari yote. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walipima na kupata wastani wa saa 24 na dakika 11. Maana yake, saa ya mwili ikiachiwa huru huchelewa kila siku, na lazima kila siku irudishwe. Inayorudishwa ni kishada cha seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana. Kinachoirudisha ni mwanga, hasa wa asubuhi, unaopokewa na seli za jicho zilizogunduliwa miaka ya karibuni tu, ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kuupelekea ubongo habari. Mwanga wa jioni hufanya kinyume: huisukuma saa nyuma na kuizuia melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Kazi ya kufumbua namna seli moja moja inavyohesabu saa iliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Kwa mizani hiyo, siku ya mji wa pwani wa karne ya 19 ilikuwa imepangwa vizuri, ingawa hakuna aliyeipanga kwa ajili ya usingizi. Adhana ya alfajiri iliwatoa watu ndani kabla jua halijachomoza. Kazi nzito ilifanywa asubuhi, shambani, sokoni, au ufukweni pa kuchonga na kukalafati majahazi, mwanga mkali ukiwapiga usoni. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unauzidi kwa mbali ule wa chumba cha ofisi chenye taa nzuri. Jua lilipopanda utosini maduka yalifungwa, na waliojaliwa wakapumzika kwa kailula, usingizi mfupi unaokuja wakati ambao mwili wenyewe hulegea. Alasiri kazi zikarudi. Magharibi ikakata siku, na baada ya isha kilichobaki kilikuwa kibatari: kikopo cha bati, utambi wa kitambaa, na ulimi wa moto mwekundu usiotosha kutunga uzi kwenye sindano bila kuusogelea. Mwanga hafifu wa namna hiyo, wenye rangi ya moto, hauisumbui sana saa ya mwili. Watu walizungumza barazani, watoto wakasimuliwa hadithi, na melatonini ikapanda bila kizuizi.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba watu wa zamani walilala jua lilipozama wakaamka jogoo wa kwanza. Ngoma zilikesha. Ramadhani iligeuza usiku kuwa mchana, wapiga ngoma wakipita mitaani kuamsha watu wale daku. Wavuvi walifuata maji, si jua, na kwa kuwa maji kujaa na kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, mvuvi hana ratiba ya kulala inayodumu wiki moja.

Ushahidi mzuri zaidi wa hilo uko Tanzania yenyewe, karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, bila umeme. Utafiti uliochapishwa 2015, uliowahusu wao pamoja na Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, uligundua kwamba watu hawa hulala kwa wastani saa tatu na zaidi baada ya jua kuzama, na usingizi wao kwa usiku ni kati ya saa 5.7 na 7.1. Si mwingi kuliko wa mtu wa mjini. Wanachomzidi ni mpangilio: huamka karibu wakati uleule kila siku, mara nyingi kabla ya jua, hewa inapokuwa imefikia baridi yake ya mwisho. Utafiti mwingine, wa 2017, ulifuatilia watu wazima 33 wa Kihadzabe kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa, na kambi haikosi jicho lililo wazi. Saa za miili hazifanani, na huenda tofauti hizo zilikuwa kinga dhidi ya simba.

Giza la pwani lilianza kupungua kutoka ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, na hapo ndipo kampuni ya umeme ya Mombasa ilipozaliwa. Kwa miaka mingi umeme huo ulikuwa wa wachache. Wengi walitoka kwenye kibatari wakaenda kwenye taa ya chemli, kisha karabai, na hapo ndipo waliposimama.

Kilichowagusa wengi mapema zaidi ni saa ya mwajiri. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901, na treni haingoji mtu amalize kailula. Bandarini Mombasa mapambano yalikuwa marefu. Vibarua wa kupakia na kupakua walizoea kuchagua siku za kufanya kazi na siku za kupumzika, na wengi walikuwa na mashamba au shughuli nyingine. Serikali na makampuni waliliona hilo kuwa uvivu. Baada ya mgomo wa 1939 na mgomo mkuu wa Januari 1947, mpango ukawa kuwaandikisha, na katika miaka ya 1950 asiyefikisha idadi ya siku kwa mwezi alihatarisha nafasi yake. Ujira ulipanda, na hilo ni jambo la kheri. Lakini kuanzia hapo mwili wa kibarua ulikuwa wa zamu, na zamu nyingine zilikuwa za usiku. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Mlinzi, muuguzi na dereva wa lori la masafa wanastahili kulijua hilo, na waajiri wao zaidi.

Kisha kuna ramani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Kenya iliwahi kuishi kwa tofauti ya saa mbili na nusu, kisha mbili na dakika 45, kabla ya Afrika Mashariki kutulia kwenye saa tatu mbele ya Greenwich. Saa hizo tatu ni za jua la longitudo ya 45, ambayo inapita Somalia na Madagaska. Dar es Salaam iko nyuma ya mstari huo kwa dakika 23 hivi, na Kigoma kwa saa nzima. Kwa hiyo "saa sita mchana" ya redioni inapolia Kigoma, jua bado halijafika utosini. Litafika karibu saa 7. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie nchini Kongo, saa za ukutani ziko nyuma kwa saa moja na zinakaribiana na jua. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma, ambao hutoka na taa usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu, hawasumbuliwi na hilo. Mwezi hauna ukanda wa saa.

Wanaosumbuliwa ni watoto. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la Kigoma hutoka kati ya saa 12:30 na saa 1:10, huku la Dar es Salaam likitangulia kwa dakika 39 hivi. Mtoto wa Kigoma anayeamshwa saa 11 ili awahi shule anaamshwa usiku: mwili wake bado umejaa melatonini, na mwanga ambao ungeirudisha saa yake utamkuta ameshakaa darasani, tena chini ya paa la bati lenye madirisha madogo. Akifika umri wa kubalehe ni vigumu zaidi, kwa sababu katika miaka hiyo saa ya mwili huchelewa zaidi na usingizi huja usiku umeenda. Jioni ana simu, yenye mwanga ambao kibatari hakikuwa nao. Madaktari wa usingizi humshauri aamke wakati mmoja kila siku, apate jua la asubuhi, apunguze mwanga baada ya isha. Ushauri ni mzuri, ila sehemu yake ya kwanza iko mikononi mwa wanaopanga ratiba. Kengele ya shule ya Kigoma ingeweza kulia dakika 40 baada ya ile ya Dar es Salaam, na watoto wa miji yote miwili wangekuwa wameingia darasani kwa jua moja.