Barafu ya Kibo na mafaili ya Kijitonyama

Oktoba 6, 1889, Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kutoka Austria walifika kilele cha Kibo, Mlima Kilimanjaro. Hapakuwa na ofisi ya kuwauliza wanatafuta nini. Meyer alishuka na jiwe la kileleni, na kipande chake kikaishia katika kasri la mfalme wa Ujerumani huko Potsdam.

Siku hizi mtafiti anayetaka kuigusa barafu ya Kibo huanza na kibali kinachotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, COSTECH, yenye jengo lake Kijitonyama, Kinondoni, jirani na kituo cha daladala cha Sayansi.

Utaratibu huo una historia. Mwaka 1968, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kama UTAFITI, ili liratibu tafiti nchini na kuishauri serikali. Sheria Namba 7 ya mwaka 1986 ikaleta Tume kushika nafasi ya Baraza, nayo ikaanza kazi mwaka 1988. Mgeni anatakiwa awe na mtafiti mwenyeji, na akitaka kuingia hifadhini hukutana pia na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Uratibu wa namna hii haupo kwetu tu: hata huko Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, watafiti wa mataifa mbalimbali husajili miradi yao katika mfumo mmoja, wasije wakarudia kazi ya wenzao.

Umuhimu wa kuratibu tafiti za Kibo ulionekana mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipoongoza msafara uliochoronga mihimili sita ya barafu Kibo, mrefu kuliko yote ukiwa na takriban mita 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisoma humo habari za hali ya hewa ya miaka ipatayo 11,700. Yalionyesha pia kwamba barafu iliyofunika kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 80. Thompson alikadiria kuwa ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo, huku wanasayansi wengine wakisisitiza kuwa ukame wa hewa na uhaba wa theluji vimechangia sana kuipunguza.

Barafu iliyochorongwa inatunzwa Ohio, kwenye majokofu makubwa ambayo sisi hatuna. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni mkulima wa Marangu au Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kuusikia mlima wake ukielezwa kwa Kiingereza tu, katika majarida asiyoweza kuyapata. Sheria imetuvusha kutoka zama za Meyer, lakini kibali ni nusu ya kazi. Tume ihakikishe kila ripoti inarudi nchini, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili, usomwe hadi vijijini.