Edison alisomea nyumbani, lakini biashara aliijua kwa treni

Wasee, kuna watu wanadhani kusomea nyumbani ni kufungia mtoi sebuleni na vitabu. Mcheki Thomas Edison wa Marekani. Shuleni alikaa miezi tu, mamake Nancy akamtoa, akamfundisha mwenyewe. Akiwa na miaka 12 alikuwa anauza magazeti na peremende kwa treni ya Port Huron hadi Detroit.

Aprili 1862 habari za vita vya Shiloh zikafika. Dogo akapanga zitangulizwe kwa telegrafu kwenye stesheni za mbele, akachukua magazeti 1,000, mengi kwa deni. Kila stesheni watu walikuwa wamejaa wakimngoja, naye anapandisha bei tu.

Mama alimpa vitabu. Soko lilimpa akili ya pesa. Ukimtoa mtoi shule na sokoni pia humwachilii, umembadilishia darasa tu.