Mukubwa muzuri ni nani? Namna watu wanapima viongozi wa inchi

Mu Katanga, ukiuliza wazee watatu nani alikuwa kiongozi muzuri kupita wote, utapata majibu ine. Na wafalme wa zamani walipimwa vile vile. Kule Bunkeya, Bayeke wanamukumbuka Msiri kama mujenzi wa ufalme wao, na kila tarehe 20 desemba wanamuheshimu, maana aliuawa siku ile mwaka wa 1891. Lakini Basanga, waliomulipa kodi na kisha wakamuasi, hawamuhesabu vile.

Mabishano makali ni juu ya Mobutu. « Wakati ya Mobutu tulikulaka », wazee wanasema. Sawa, lakini tuwaulize: mwaka gani? Mu 1967 zaïre moja ilinunua dola mbili za Marekani. Mu 1974 Léopards walishinda Kombe la Afrika na kwenda Kombe la Dunia, na mu oktoba Ali na Foreman walipigana Kinshasa. Watumishi wa Gécamines walipata posho ya bunga bila kukosa. Mutu aliyekuwa kijana siku zile anazipima siku hizo, na hasemi uongo. Lakini Mobutu alitawala miaka 32! Mu novemba 1973 alikuwa amekwisha kunyanganya wageni maduka na mashamba na kuwapa wakubwa wake. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka. Mu oktoba 1993, ili upate zaïre mupya moja ulitoa za zamani milioni 3. Gécamines, iliyotosha zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, ilishuka chini ya 50.000. Mwanafunzi aliyezaliwa nyuma ya hapo anarudilia tu neno la babu yake, na anaacha nusu ya hadisi.

Lumumba, yeye, karibu kila mahali anawekwa wa kwanza. Alikuwa waziri wa kwanza kwa miezi isiyofika mitatu mu 1960, basi hakuna bei ya bunga ya kumuhukumia. Aliuawa huku kwetu Katanga, tarehe 17 januari 1961, na Mobutu yule yule aliyemufunga alimutangaza shujaa wa taifa mu 1966. Jino lake lilirudishwa na Wabelgiji mu 2022. Tshombe naye ana wapenzi wengi mu Lubumbashi, lakini usimusifu mbele ya muzee Muluba wa kaskazini aliyeona askari wake wakichoma vijiji.

Kura ya 2006 ilionyesha jambo hilo kwa hesabu: Joseph Kabila alipata 58 kwa mia, Bemba 42. Mashariki walimupa Kabila kura, sababu walimuona kama mutu wa kumaliza vita, magaribi walimukatalia.

Na Tshisekedi? Tangu 2019 shule ya musingi ni bure. Muzazi mwenye watoto sita anamusifu juu ya ile minerval asiyolipa tena. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto mia moja mu darasa moja anahesabu ingine.