Boma, Chungu na Mgeni Mwenye Nguvu

Katika mwaka 1801 kijana mmoja wa Kifaransa, Ingres, alijipatia tunzo kuu ya Roma kwa picha ya shujaa Achilles akiwapokea wajumbe wa mfalme Agamemnon. Nami, niliyekulia baina ya Kitale na Bungoma, kila niitazamapo picha hiyo fikira zangu hurudi kwenye boma la Kibukusu. Achilles, kinubi mkononi, anainuka kwa adabu. Sahibu yake Patroclus yu ubavuni. Odysseus amejitanda joho jekundu. Wengi husifu uzuri wa viungo vyao, ila lililo kubwa kwangu ni kwamba wageni hawa, ambao katika utenzi wa Homer hukirimiwa nyama na mvinyo, huondoka bila ya lile walilolijia. Takrima wameipata yote, ridhaa hawakuipata.

Wazee wa Kibukusu wa Bungoma hawana haja ya kufunzwa jambo hilo. Mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, lakini firigisi ni haki ya mwenye mji, na mwingine haipati ila kwa mkono wake. Busaa, pombe ya kienyeji, huwekwa katikati katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mwenye chungu ndiye ajuaye nani aketi wapi. Kukirimu, kwa hiyo, ni kutawala kwa upole.

Jirani yao, Nabongo (yaani mfalme) Mumia wa Wawanga, alikuwa mkarimu wa kupigiwa mfano. Misafara ya Waswahili ilipumzika kwake, mvumbuzi Joseph Thomson akafika mwaka 1883, Askofu Hannington akapita 1885 akielekea Busoga alikouawa; kisha Waingereza wakaja na kukaa. Husemwa kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mgeni huyu, Mwingereza, alishika mpini wa nchi nzima. Simhukumu Mumia, kwani alitaka nguvu dhidi ya maadui zake na akaipata, hata mwaka 1909 akafanywa chifu mkuu. Lakini cheo alichopewa na mgeni wake, nyumbani mwake mwenyewe, chanihuzunisha.

Wabukusu, wao, walimkatalia mgeni huyo. Walikuwa na bunduki walizozipata kwa watu wa misafara. Kikosi kidogo kilichotumwa na Waingereza mwaka 1894 kwenda kuzidai kiliuawa, na mwaka uliofuata afisa wao Hobley akawaendea na askari wa Kisudani pamoja na Waganda, Wamasai na Wawanga. Ngome ya Lumboka ikaanguka, kisha ile ya Chetambe, juu ya mlima unaoitazama Webuye, ambako ukuta wa udongo na handaki, vilivyotosha kuzuia mikuki, havikufaa mbele ya bunduki ya Maxim. Waliokufa humo ni mamia. Achilles alipokataa, wajumbe walirudi kambini mwao kwa salama, na yeye akalala hemani mwake. Hiyo ndiyo tofauti inayonichoma kila nitazamapo picha ile.

Na Kitale je? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, reli ikafika mwaka 1926, na Mbukusu au Msabaoti aliyetaka kulisha ng'ombe wake huko ilimlazimu kuwa skwota, akifungwa na sheria ya 1918 kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kujenga kibanda.