Mguu mmoja ukivimba: donge la damu kwa wagonjwa wa vaskulaitisi

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila riziki iko Bomet, kwenye majani chai. Nina vaskulaitisi: kinga ya mwili, badala ya kupambana na maradhi, hushambulia mishipa ya damu ikavimba. Mwaka jana nilirudi kazini kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 650. Kufika, mguu wa kushoto umefura. Wenzangu wakasema ni uchovu, nijikande maji moto. Siku ya tatu nikawa nahema nikiwa nimekaa. Vipimo vikaonyesha donge la damu mguuni, na jingine limeshapanda mapafuni.

Ndugu msomaji, mshipa mzima una ukuta laini ndani, damu hupita bila kushika. Ukivimba, ukuta huharibika na damu huganda. Kulala kitandani siku nyingi, safari ndefu na figo zinazovujisha protini huzidisha hatari.

Mwaka 2005, watafiti Marekani walichapisha habari za wagonjwa wa aina iliyoitwa Wegener. Kati ya 167 ambao hawakuwahi kuganda damu, 16 waliganda wakiwa wanafuatiliwa, wengi ndani ya miezi michache ugonjwa ulipokuwa umepamba moto.

Aina nyingine ni Behçet, yenye jina la daktari wa Uturuki aliyeueleza mwaka 1937. Huanza kwa vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyorudi kila mara. Hapa dawa kuu ni ya kutuliza kinga ya mwili, kwa kuwa uvimbe ndio unaogandisha damu. Baadhi ya wagonjwa mshipa wa mapafu hutuna kama puto; wakipewa dawa ya kuyeyusha damu kabla ya kupigwa picha ya kifua, wanaweza kutapika damu hadi kufa. Kwa hivyo usimeze dawa ya jirani.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usingoje kesho. Walio huku wana Tenwek na Longisa. Nanyi wa Pwani mna hospitali zenu. Usiukande wala kuuchua. Ukifika, neno la kwanza liwe: "Nina ugonjwa wa mishipa ya damu." Mimi sikulisema mapema, nikapoteza siku tatu.