Seva ya Linux: Bure si sawa na bila gharama

TAASISI inayonunua seva, yaani tarakilishi inayozihudumia nyingine na kuhifadhi data zake, hukabiliwa na swali: ilipie Linux yenye mkataba wa kampuni, au ichukue ya bure?

Swali hilo lina uzito hata Mwabungo, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale. Seva ya zahanati au shule ikizimika huko, kazi husimama hadi fundi apatikane.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, raia wa Finland, nayo ni programu huria. Kampuni kama Red Hat na SUSE huuza huduma: marekebisho ya usalama, wataalamu wa kujibu maswali na uthibitisho kwamba programu fulani za biashara zitafanya kazi juu yake.

Malipo hutolewa kila mwaka kwa kila seva. Kwa miaka mingi, Red Hat ilitoza Dola 349 za Marekani kwa seva ndogo bila msaada wa wataalamu, na Dola 799 kwa msaada wa saa za kazi. Kwa bei hiyo ya pili, seva mbili zingegharimu Dola 7,990 kwa miaka mitano.

Debian, iliyoanza 1993, haitozi chochote. Ubuntu, iliyozinduliwa 2004, hutoa kila baada ya miaka miwili toleo linalopata marekebisho ya bure kwa miaka mitano.

Hata hivyo, cha bure chaweza kukatizwa. Desemba 2020, ilitangazwa kwamba CentOS 8, nakala ya bure ya mfumo wa Red Hat, ingekoma mwishoni mwa 2021 badala ya 2029. Waliokuwa wakiitumia walilazimika kuhama, wengi wao wakielekea AlmaLinux na Rocky Linux, zilizotolewa 2021.

Kenya ina mfano wake. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya programu huria ya OpenMRS na umekuwa ukiwekwa kwenye seva za Ubuntu. Kituo hakilipii leseni, lakini lazima awepo mtu wa kuisimamia seva, kuweka marekebisho na kutunza nakala za akiba.

Hapo ndipo gharama halisi ilipo. Mtaalamu wa kampuni hujibu kwa simu au intaneti. Haji kubadilisha diski iliyoharibika wala kurekebisha umeme. Mkataba humfaa zaidi anayetumia programu ambayo mwuzaji wake hukubali Linux iliyothibitishwa pekee, au ambaye saa moja ya kusimama humtia hasara kubwa kuliko ada ya mwaka.

Kwa taasisi ndogo, ni heri fedha hizo zimfunze fundi wa karibu na kununua diski ya akiba. Asiyelipia mkataba wala kumwandaa fundi atalipa siku data zitakapopotea.