Mabinti wa Aboke na Wazazi Waliokataa Kunyamaza



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila tunaposikia kwamba wasichana wametekwa shuleni, swali huwa ni lile lile: sisi watu wa kawaida, tusio na jeshi wala cheo, tutafanya nini? Jibu tunalo kwa majirani zetu wa Uganda, na hatuna haja ya kulitafuta mbali.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA waliokuwa wakiongozwa na Joseph Kony walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda. Waliondoka na wasichana 139. Kulipokucha, naibu mkuu wa shule, mtawa kutoka Italia aitwaye Sista Rachele Fassera, hakusubiri askari. Yeye na mwalimu mwenzake, John Bosco Ocen, waliingia porini wakifuata nyayo na karatasi za peremende ambazo waasi walizipora shuleni. Alipowakuta, alipiga magoti akaomba. Kamanda akaandika chini kwa kijiti: wasichana ni 139, atapewa 109, na 30 watabaki.

Hebu tujiweke mahali pa wazazi wale. Nyumba 109 zilipata furaha, na nyumba 30 zikabaki na msiba usio na maiti wala kaburi.

Wazazi hao hawakukaa ndani kulia. Katika mji wa Lira waliunda chama chao, Concerned Parents Association. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Angelina Atyam, mkunga, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale 30. Walikutana kuomba pamoja, wakazungumza na waandishi wa habari, wakasafiri nchi za nje kueleza habari za watoto wao. Wala hawakudai mabinti wa Aboke peke yao. Walidai watoto wote waliotekwa, maelfu kwa maelfu, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima ambao majina yao hayakutajwa redioni.

Kelele zile ziliwakera waasi. Wakamletea Angelina ujumbe: nyamaza, nasi tutakurudishia binti yako. Ndugu zetu, ni mzazi gani asingekubali? Yeye alijibu kwamba wote waachiliwe. Alikataa kumpokea wake huku wa wenzake wakibaki. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu, lakini binti alikuwa bado porini. Alitoroka na kurudi nyumbani mwaka 2004, baada ya zaidi ya miaka saba. Baadhi ya wenzake walifia utumwani.

Tunayojifunza hapa ni haya:

Kwanza, kuwatambua waliotekwa kwa majina na idadi. Sista Rachele aliwajua wanafunzi wake, na wazazi hawakuacha ile hesabu ya 30 isahaulike.

Pili, kumwambia ukweli anayemsaidia mtekaji, hata akiwa wa dini yetu. Waasi walikuwa na kambi kusini mwa Sudan, na serikali ya Khartoum ya wakati ule iliwasaidia. Kilio cha wazazi kilikuwa sehemu ya shinikizo juu yake. Desemba 1999, Uganda na Sudan zilitia saini makubaliano mjini Nairobi, na suala la kuwarudisha waliotekwa likaandikwa humo.

Tatu, kushikana na jirani bila kuuliza dini yake. Huko Acholi, masheikh, maaskofu na mapadri waliungana kutafuta amani, na walikuwa miongoni mwa waliodai sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000, ili mtoto aliyelazimishwa kushika bunduki aweze kurudi. Mwaka 2003 viongozi hao walikwenda kulala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwa kuogopa kutekwa. Mwaka 2005 vijana wawili wa Toronto, Kanada, walipata habari za watoto hao, nao wakatembea kilomita 12.5 kila jioni kwa siku 31 ili mji wao uulize kulikoni.

Nne, kutochoka. Wasichana 276 walipotekwa Chibok, Nigeria, Aprili 2014, raia wa Abuja walikutana siku baada ya siku kuwadai. Miongoni mwa waliosimama mbele alikuwamo Aisha Yesufu, dada yetu Mwislamu, ingawa wengi wa waliotekwa walikuwa Wakristo. Wasichana 21 waliachiliwa Oktoba 2016, na 82 Mei 2017. Miaka kumi baada ya kutekwa, zaidi ya 80 walikuwa hawajarudi.

Tano, kuwapokea wanaporudi. Wengi hurudi na watoto waliozaliwa porini, na maneno ya majirani huwaumiza upya. Binti huyo hakutenda kosa, na mtoto wake pia hakutenda kosa.

Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuagiza kumkomboa mateka, na hakusema awe wa ukoo wetu. Basi jioni hii, tukiwa mezani na watoto wetu, tuwasimulie habari za Aboke. Kisha tujiulize: ule ujumbe wa waasi ungeletwa mlangoni kwetu, tungejibu nini?

Wassalaam alaykum.